Maporomoko Nyuma ya Kioo

SEHEMU YA KWANZA

Nyumba ya zamani ya Umoja One ikianza kubomolewa ili ghorofa ipande, vitu hutoka kwa mpangilio ule ule. Makochi kwanza, kisha kabati la vyombo, kisha magodoro, na mwisho kabisa picha za ukutani. Makochi huchukuliwa na jamaa wa mitumba. Picha huletwa kwangu, kwenye kibanda changu cha fremu karibu na soko la Mutindwa, na mara nyingi huja na kioo kilichopasuka na familia iliyopasuka pia.

Jumamosi hiyo Atieno alikuja amebeba fremu kubwa iliyofungwa kwa leso. Namjua tangu akivaa sare ya shule ya msingi. Babu yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee wa Jinja, aliingia Umoja nyumba hizi zilipokamilika mwishoni mwa miaka ya sabini, akailipia halmashauri ya jiji mwezi baada ya mwezi hadi ikawa yake. Tulimzika mwaka jana. Sasa anko yake Atieno alikuwa ameshamwaga kokoto na mchanga getini.

"Fundi, Nyanya amesema ubadilishe kioo tu," Atieno alisema. "Mgongo usifunguliwe."

"Kioo hutolewa kwa nyuma, Atieno. Hakuna njia nyingine."

"Ndivyo alivyosema."

"Basi mpigie."

Alipiga, akaweka sauti ya nje. Kimya kirefu. Kisha sauti ya mama mzee, kavu lakini imara: "Nani yuko hapo?"

"Ni mimi, Mama. Fundi wa Mutindwa."

"Wewe ndiye uliyeweka fremu ile picha ya mazishi ya Mzee?"

"Ndiye mimi."

"Fungua. Lakini usifungue mbele za watu."

Nikateremsha turubai la mbele, tukabaki na mwanga wa balbu.

Chini ya ufa wa kioo kulikuwa na mto. Maji mapana yalimwagika kati ya miamba, yakija moja kwa moja kwa mtazamaji. Miti ilisimama kwenye visiwa vidogo katikati ya povu, na ukingoni kulikuwa na watu wadogo kama punje. Maandishi ya chini yalisema Ripon Falls. Nilinyamaza kidogo, kwa sababu nilijua mahali hapo hapaonekani tena.

Ni pale Jinja, Nile inapotoka Ziwa Victoria. Tarehe 28 Julai 1862 Mwingereza John Hanning Speke alisimama hapo, akayapa maporomoko jina la Lord Ripon aliyekuwa mkubwa wa Shirika la Kifalme la Jiografia kule London. Aliandika kwamba maji yalianguka futi kama 12 tu, lakini upana wake ulikuwa futi 400 hadi 500. Aliona samaki wakiruka kupanda mto kwa maelfu, wavuvi wa Kisoga na Kiganda wamesimama juu ya miamba na fimbo zao za kuvulia, viboko na mamba wamejilaza majini, ng'ombe wakishushwa kunywa. Watu wale walikuwa na mto wao na shughuli zao. Aliyekuja na jina jipya ndiye aliyekuwa mgeni. Kisha likaja bwawa la Owen Falls, kilomita chache chini ya mto, lililofunguliwa na Malkia Elizabeth mwezi wa Aprili 1954. Maji yakapanda, maporomoko yakazama. Ukienda leo utaonyeshwa mto unaopita taratibu, uambiwe: yalikuwa hapa.

Nilishika lenzi. Picha ya kuchapwa kisasa ukiikuza utaona vitone vitone. Hii haikuwa na kitone hata kimoja. Ilikuwa mistari mitupu, myembamba, mingine ikinenepa katikati na kuchongoka mwishoni, kama inavyoacha ncha ya chuma ikisukumwa kwa mkono juu ya mbao. Wachongaji wa karne ile walitumia mti mgumu sana, wakauchonga upande wa kichwa cha gogo, si ubavuni, ili nyuzi zisipasuke. Panapotakiwa weupe, walichimba. Kilichoachwa juu ndicho kilichopakwa wino. Kwa hiyo kila povu jeupe kwenye maporomoko yale ni mahali ambapo mtu aliondoa mbao kwa subira, huku uso wake uko karibu kugusa kazi.

Kwenye ukingo wa kushoto wa karatasi mtu alikuwa ameandika kwa penseli: Buganda. Ukingo wa kulia: Busoga.

Niligeuza fremu. Misumari ilikuwa ya zamani, imeshika kutu. Niliing'oa mmoja mmoja kwa koleo, nikainua plaiwudi. Nyuma yake kulikuwa na gazeti lililokunjwa, Uganda Argus la Oktoba 1970. Nikalitoa, nikitegemea kukuta mgongo wa picha.

Nilikuta picha nyingine.

Ilikuwa imelazwa juu ya ile ya kwanza, mgongo kwa mgongo. Niliisogeza chini ya balbu. Wanaume wa Kiafrika, wengine wamesimama, wengine wameketi, nyuso zao zinatutazama moja kwa moja. Mshale wa penseli ulimwelekea mmoja wao, wa pembeni, na kando ya mshale maneno matano yaliyobonyezwa kwa nguvu hadi karatasi ikaingia ndani.

Atieno aliyasoma kwa sauti, kisha akaushika ukingo wa meza.

"Huyu ni wetu. Asiuzwe tena."

SEHEMU YA PILI

Niliwatambua kabla sijaweka lenzi. Ni wenzake Speke, wale waliotoka naye pwani mwaka 1860 na kuufuata mto hadi Misri. Walipofika Cairo mwaka 1863 walipigwa picha pamoja, na wachongaji wa London wakaigeuza kuwa chapa ya kitabuni.

Kitabu hicho cha Speke, kilichotolewa na Blackwood mwaka huo huo wa 1863, leo kinasomeka bure kwenye simu, na ningependa kila kijana wa Eastlands akifungue walau mara moja. Kwenye ukurasa wa jina kimeandikwa kwamba picha nyingi zimetokana na michoro ya Kapteni Grant, mwenzake Speke. Lakini Grant hakuyaona maporomoko. Alikuwa na mguu mbaya uliomlaza miezi huko Karagwe, na Speke akamtuma njia ya Bunyoro akaenda mtoni bila yeye. Hivyo mto ule uliokuwa mezani kwangu ulitoka kwenye jicho la mtu aliyepita, ukaingia mkononi mwa mchongaji aliyekuwa mbali nao maelfu ya maili, ukafika Umoja. Hata hivyo ndio uso uliobaki. Siwezi kuudharau.

"Kati ya hawa," nilimwambia Atieno, "kuna wanaume waliojua njia zaidi ya wazungu waliowaajiri. Umewahi kusikia Sidi Mubarak Bombay?"

"Sijamsikia."

"Myao. Alikamatwa utumwani akiwa mtoto, akauzwa, akapelekwa India. Bwana wake alipokufa akawa huru, akarudi Zanzibar. Alitembea na Burton na Speke, akatembea na Speke na Grant, akatembea na Stanley alipokuwa akimtafuta Livingstone, akavuka bara zima na Cameron. Shirika lile la London lilimpa medali na pensheni. Alikufa 1885."

"Huyu wa mshale ndiye yeye?"

"Sina hakika ni nani. Tazama ukingo wa chini."

Ukingo wa chini ulikuwa umekatwa kwa mkasi. Kama majina yaliwahi kuchapwa pale, yalikwenda na mkasi. Hapa nitasema lililo moyoni. Biashara ya chapa za kale huanzia hapo: muuzaji hununua kitabu kilichochakaa, huchana picha zake, huzipaka rangi kwa brashi, huziuza moja moja. Picha hupata ukuta mzuri, lakini hupoteza ukurasa uliokuwa ukisema ni nani, ni wapi, alisema nini. Mtu mwenye jina anageuka pambo la sebule.

Atieno alikuwa bado anatazama yale maneno matano. "Fundi, hilo 'tena'. Kwa nini tena?"

Sikuwahi kujibu. Turubai liliinuliwa kutoka nje.

Alikuwa mwanamume wa makamo, kofia ya kushonwa kichwani, koti limepigwa pasi. Sikuwahi kumwona Mutindwa. Kiswahili chake kilikuwa cha pwani, laini, kila neno limekamilika.

"Nambiwa kuna picha kongwe hapa. Wallahi nimekuja kwa heri."

Nilimtazama kijana wangu wa kibandani, akatazama chini. Alikuwa amepiga picha ile fremu ilipoingia na kuirusha kwenye kikundi chao cha mafundi. Nyuma ya mgeni alisimama anko yake Atieno, anatoa jasho, simu mkononi.

"Ameniongezea mpaka elfu themanini," Anko alisema. "Atieno, funga hizo karatasi. Hiyo ni simiti na vyuma vya msingi."

"Anko, Nyanya hajakubali."

"Nyanya yako ana umri wa kupumzika."

Elfu themanini. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa, na nitaeleza kwa nini. Chapa za mbao za miaka ya 1860 zilichapwa kwa wingi. Hiyo ndiyo ilikuwa faida yake, kwamba ubao mmoja ulivumilia maelfu ya nakala pamoja na herufi za kawaida za matbaa. Nakala moja iliyochanwa kitabuni, yenye madoa ya unyevu kama hii, kwa kawaida haifiki hata elfu kumi zetu. Dalali anayeijua kazi angeanza na elfu tatu. Asiyeijua angeuliza bei. Huyu alikuja na bei kubwa mkononi.

"Unaweza kuitazama kwanza," nilimwambia, nikamsogezea lenzi.

Lenzi hakuigusa. Hakutazama miamba, hakutazama povu. Aliinua karatasi ya wanaume kwa ncha za vidole, akasoma maneno ya penseli bila kusogeza midomo, na nikaona koo lake likipanda na kushuka. Kisha akaigeuza nyuma, akakagua mgongo mtupu. Akaigeuza na ile ya maporomoko. Akasoma Buganda, akasoma Busoga, akaangalia tena fremu iliyobaki wazi mezani kana kwamba kuna kitu kimekosekana.

Alipoinua uso hakumtazama Anko mwenye kiu ya pesa. Alinitazama mimi.

"Hizi ni mbili," alisema. "Ya tatu i wapi?"

SEHEMU YA TATU

Nyanya alitupokea ameketi kwenye kiti pekee kilichobaki sebuleni. Nyumba yenyewe ilikuwa ile ya awali kabisa, chumba na jiko vya matofali ambavyo mradi uliopata mkopo wa Marekani uliwajengea watu ili waongeze wenyewe kadiri ya uwezo. Mzee aliongeza vyumba viwili nyuma. Jikoni hakugusa kamwe.

Nilizilaza karatasi mbili mapajani mwake. Mgeni alibaki getini. Anko alipita moja kwa moja nyuma, walikokuwa vijana wa mjengo.

"Mzee alienda Jinja 1951," Nyanya alianza bila kuulizwa. "Kazi ilikuwa tele. Wajaluo, Waluhya, Wasoga, watu wa kila kona. Wengine bwawani, wengine juu huko kwenye maporomoko, wakilipua miamba ili ziwa litoke vizuri. Mzee alikuwa wa baruti. Rafiki yake alikuwa Mswahili wa Mombasa, naye wa baruti."

"Picha zilitoka kwake?" Atieno aliuliza.

"Zilitoka kwenye takataka. Kuna mhandisi alikuwa na kitabu kikubwa, mvua ikamnyeshea, akakitupa. Wao wakakiokota. Walikausha kurasa juu ya jiko langu, moja moja, nikiwageuzia kama chapati. Nyingi zilichanika. Tatu zikapona. Siku ile yule wa Mombasa alipoona hawa watu," akagusa nyuso kwa kidole, "aliacha kula. Alisema babu ya baba yake alikwenda safari hiyo na kurudi kwa meli, kupitia Suez na Aden na Mauritius na Seychelles. Kwao hadithi hiyo ilisimuliwa kila Ramadhani, na hakuna aliyeiamini. Sasa ameiona karatasini."

"Ndiye aliyeandika?"

"Ndiye. Babu huyo aliuzwa mara moja, Zanzibar. Akasema, hata picha yake haitauzwa."

Nilifikiria ule mkono uliobonyeza penseli hadi karatasi ikaingia. Miaka 90 ilikuwa imepita tangu picha ya Cairo, na uso uliochongwa ili Waingereza waburudike nao sebuleni ulikuwa umempata mtu wake, juu ya jiko la makaa huko Jinja, kwa sababu ya mvua. Nimeweka fremu picha nyingi za kale katika maisha yangu. Sijawahi kukutana na nyingine iliyofika kwa mwenyewe.

"Na yeye?" niliuliza. "Yule wa Mombasa?"

Nyanya alifunga macho kidogo. "Baruti. 1953. Walituletea mwili umefunikwa, tukauzika Jinja. Mzee mwenyewe alishika jembe. Tukakaa huko mpaka 1970, Obote alipowafukuza Wakenya. Watu walivuka Busia na masufuria vichwani. Mzee alivuka na fremu hiyo."

"Na karatasi ya tatu, Mama?"

"Aliniambia jambo moja tu. Mtu akija akauliza ya tatu, muulize Busoga iko mkono gani."

Hapo nikaelewa kilichokuwa kinanisumbua tangu kibandani. Nile inatoka ziwani ikielekea kaskazini. Ukisimama chini ya maporomoko, maji yakikujia na ziwa likiwa mbele yako, mashariki iko kushoto kwako, na mashariki ndiko kwenye Jinja na Busoga. Buganda iko kulia. Mzee alikuwa ameandika kinyume. Mtu aliyekaa kwenye mto huo karibu miaka ishirini hawezi kukosea ng'ambo ya mto wake. Aliandika kinyume kwa makusudi.

"Mwite," Nyanya alisema.

Mgeni aliingia, akavua kofia, akainama mbele yake. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Ukisimama mbele ya maporomoko, ziwa likiwa mbele yako, Busoga iko mkono gani?"

Hakusita. "Mtoni, iko kushoto. Lakini nyumbani kwenu iko kulia."

Atieno alinishika mkono. Nyanya hakusogea.

"Nani alikufundisha hivyo?"

"Baba."

"Baba yako ni nani?"

Akataja jina. Sitaliandika hapa, maana ndilo jina lililokuwa kwenye kaburi la Jinja. Nyanya aliinua mkono wake taratibu, akaushusha tena mapajani, juu ya nyuso za wale wanaume.

"Huyo nilimlilia," alisema. "Mwaka 1953. Wewe huna miaka hiyo."

"Nimezaliwa 1966, Mama. Mombasa. Baba alikufa kitandani mwake, mzee, na sisi sote tumemzunguka." Sauti yake ilianza kutetemeka, akaisimamisha. "Aliniachia mambo mawili. Moja nimekujibu. La pili ni swali, na nimelitafutia mwenye jibu tangu tumzike. Yule mliyemtia kaburini Jinja kwa jina la baba yangu, alikuwa nani?"

Nyanya hakumjibu. Alimgeukia mjukuu wake.

"Atieno, funga mlango." Kisha akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza niliona hofu usoni mwa mama yule. "Fundi, kimbia nyuma. Mwambie mwanangu wasiguse ukuta wa jikoni."

Nilikuwa nimefika barazani nyundo ya kwanza ilipogonga matofali.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO